Wahubiri wasitoe hukumu makaburini

Ndugu Mhariri,

Kila mvua kubwa zinapoleta maafa, na kila anapofariki mtu ambaye mtaa mzima ulimjua kwa ulevi au uzinzi, kuna wahubiri wanaojitwalia kazi isiyo yao. Wengine husema redioni kwamba mafuriko yale ni hukumu ya Mungu juu ya wakazi wa bonde lile. Wengine husubiri makaburini, jeneza likiwa bado halijashushwa, wawatangazie wafiwa kwamba ndugu yao tayari anaungua motoni. Kauli zote mbili zina kosa moja: zinasoma hukumu kabla ya Hakimu. Mafundisho ya makanisa yetu yenyewe yanazikataa, na naomba nafasi nieleze kwa nini.

Nianze na maafa, maana Yesu mwenyewe aliletewa suala hilo. Luka 13:1-5 inasimulia habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, na Yesu akaongeza habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Je, walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu? Alijibu kwamba sivyo. Kisha akawageukia waliokuwa wakimsikiliza, akawaambia watubu wao. Kwa mpangilio huo, maafa hayatupi habari yoyote kuhusu dhambi za waliokufa. Yanampa onyo aliye hai. Katika Yohana 9 wanafunzi waliuliza nani alitenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake, nao wakajibiwa si huyu wala wazazi wake. Na rafiki za Ayubu, waliotumia sura nyingi kumthibitishia kwamba anateseka kwa sababu ya uovu wake, waliishia kukemewa na Mungu katika sura ya 42.

Najua nitajibiwa kwa Sodoma, Gharika na Ninawi. Ni kweli Biblia inaeleza matukio ya aina hiyo kuwa hukumu. Lakini angalia taratibu zake: Nuhu alionywa kabla ya maji kuja, Ibrahimu aliambiwa kabla ya moto kushuka, Ninawi ilipewa siku 40. Neno lilitangulia, tena likiwa na nafasi ya kutubu au ya kuombea. Mhubiri anayetoa tafsiri baada ya maji kupungua hana neno la namna hiyo. Anachokiita ufunuo ni dhana yake kuhusu watu asiowapenda. Tope lililoshuka Hanang tarehe 3 Desemba 2023 na kufunika sehemu za Katesh halikumuuliza mtu imani yake.

Sasa twende makaburini. Yohana 5:22 inasema Baba hamhukumu mtu yeyote, bali hukumu yote amempa Mwana. Matendo 17:31 inaongeza kwamba siku imewekwa. Kila Jumapili mamilioni ya Wakristo hukiri kwamba Kristo atakuja kuwahukumu wazima na wafu. Hakimu ni mmoja, na katika ukiri huo hakuna msaidizi wake anayetangulia kutoa matokeo. Paulo aliliandika wazi katika 1 Wakorintho 4:5 kwamba tusihukumu neno kabla ya wakati wake, hata ajapo Bwana, ambaye ndiye atakayedhihirisha mashauri ya mioyo. Mashauri ya moyo ndiyo hasa tusiyoyaona tukiwa tumesimama kando ya kaburi.

Makanisa hayafanani katika kupanga hatua za hukumu, lakini hakuna mpango unaomruhusu mhubiri kusema anachosema. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba kila mtu huhukumiwa peke yake papo hapo roho inapoachana na mwili; Papa Benedikto XII alilitamka rasmi mwaka 1336, baada ya mabishano yaliyozushwa na mahubiri ya mtangulizi wake. Siku ya mwisho, wafu wakishafufuka, itakuwepo hukumu ya wote, ambayo haitengui ile ya kwanza bali inaweka hadharani kila tendo na matokeo yake yote. Kwa hiyo Mkatoliki anaweza kusema marehemu amekwisha kuhukumiwa; amehukumiwa nini, hajui. Kanisa hilo limetangaza watakatifu kwa maelfu, lakini halijawahi kumtangaza mtu yeyote kwa jina kuwa yuko motoni. Tena linafundisha juu ya toharani, yaani utakaso baada ya kifo, ndiyo maana huwaombea marehemu.

Mlutheri ana Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Kanisa lake, la mwaka 1530. Ibara ya 17 inasema Kristo atarudi siku ya mwisho, atawafufua wafu wote na kuwahukumu. Hukumu imewekwa huko, haimo katika ratiba ya mazishi. Wasabato nao hufundisha hukumu ya upelelezi mbinguni iliyoanza mwaka 1844 kwa hesabu yao ya Danieli 8:14, kisha mapitio yanayofanywa na watakatifu katika ile miaka elfu ya Ufunuo 20, kisha utekelezaji. Kwao wafu wamelala hadi ufufuo. Mhubiri wa Kisabato akisema marehemu anaungua sasa hivi, amepingana na Kanisa lake mara mbili kwa sentensi moja.

Upande wa pili wa kosa hilo husifiwa badala ya kukemewa. Akifa tajiri aliyechangia mabati ya kanisa, husemwa kwa uhakika kabisa kwamba yuko mbinguni na malaika wamempokea. Katoliki, kabla ya kumtangaza mtu mtakatifu, kwa kawaida husubiri angalau miaka mitano baada ya kifo ndipo mchakato ufunguliwe, huchunguza maandishi na mashahidi, na hudai muujiza uliothibitishwa kwa hatua ya mwenye heri na mwingine kwa hatua ya mtakatifu, isipokuwa mfiadini, ambaye husamehewa ule wa kwanza. Mhubiri hawezi kuyamaliza hayo yote katika nusu saa chini ya turubai. Tumaini tunaruhusiwa, tena tunaamriwa. Cheti hatukupewa.

Jambo linalowachanganya waumini zaidi ni kipimo kitakachotumika. Wengi huwaza mizani: mema huku, mabaya huku, na upande mzito ushinde. Agano Jipya halifundishi hivyo. Linasema mambo mawili kwa pamoja, na mafundisho huharibika mhubiri anapochukua moja akaliacha la pili. Warumi 3:28 inasema mtu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria. Warumi 2:6, sura moja tu nyuma yake, inasema Mungu atamlipa kila mtu kwa kadiri ya matendo yake. Mwandishi ni yuleyule, waraka ni uleule. Matendo si nauli ya kuingilia mbinguni. Ni ushahidi kwamba imani iliyokiriwa ilikuwa hai, na ndivyo Yakobo 2 inavyoeleza. Walutheri na Wakatoliki, waliogawanyika juu ya suala hili tangu karne ya 16, walitia sahihi tamko la pamoja mjini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999: tunapokelewa na Mungu kwa neema pekee, katika kuiamini kazi ya Kristo, si kwa stahili yetu, na tunapewa Roho Mtakatifu anayetutuma kutenda mema. Inasikitisha kwamba miaka hiyo yote baadaye kuna mimbari zinazohubiri kana kwamba tamko hilo halikuandikwa.

Ushahidi utakaotazamwa umetajwa katika Mathayo 25:31-46: mwenye njaa alilishwa, mwenye kiu alinyweshwa, mgeni alikaribishwa, aliye uchi alivikwa, mgonjwa alitazamwa, mfungwa alitembelewa. Makundi yote mawili, la kuume na la kushoto kwa Mfalme, yanashangaa, na hili lina uzito. Wa kuume hawakumbuki kwamba walimhudumia Mfalme, na wa kushoto hawakumbuki kwamba walimnyima. Tena wa kushoto hawahukumiwi kwa uovu walioutenda bali kwa wema walioacha kuutenda, na hakuna hata mmoja wao anayeulizwa alikosa ibada ngapi. Mapokeo ya Kanisa yaliongeza tendo la saba, kuzika wafu, kutoka Kitabu cha Tobiti. Kumzika mtu kwa heshima ni mojawapo ya mambo ambayo sisi wenyewe tutaulizwa.

Kipimo hicho hufuata pia nuru ambayo mtu alipewa. Luka 12:47-48 inataja mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake, akapigwa sana, na asiyejua, akapigwa kidogo. Hapa ndipo penye jibu kwa swali ambalo vijana wetu hawaachi kuliuliza: vipi mababu waliokufa kabla ya mmisionari Krapf kufika Mombasa mwaka 1844, au kabla ya misheni ya Bagamoyo ya mwaka 1868? Warumi 2:14-16 inasema wasio na sheria huhukumiwa kwa ile iliyoandikwa mioyoni mwao, dhamiri yao ikishuhudia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulifundisha mwaka 1964 kwamba wasioijua Injili bila kosa lao, wakimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri kwa msaada wa neema, wanaweza kuupata wokovu. Makanisa kadhaa ya Kiprotestanti hayaendi mbali kiasi hicho. Lakini hata hayo hayana andiko la kuwahukumu Wazaramo au Wakamba wa karne ya 17 kwa kukataa mahubiri ambayo hayakuwafikia.

Kuna pia suala la kunyimwa mazishi ya Kanisa, ambalo watu hulisoma kama hukumu ya motoni. Kwa Wakatoliki, kanuni ya 1184 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inawataja waasi wa imani wanaojulikana wazi, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waumini. Wote hao hawazuiliwi iwapo walionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, na penye shaka askofu huulizwa. Waliojiua, ambao sheria ya mwaka 1917 iliwataja, hawamo tena. Katekisimu inakiri kwamba ugonjwa mzito wa akili na hofu kubwa hupunguza wajibu wa mtu, na inakataza kukata tamaa juu ya wokovu wao. Kutohudhuria jumuiya au kudaiwa zaka hakumo katika orodha hiyo kabisa. Na hata anayezuiliwa kihalali, kizuizi kinalinda dhamiri za walio hai. Juu ya alipo marehemu hakisemi lolote.

Mhubiri wa msiba afanye nini basi? Atangaze ufufuo, kwa sababu ndio msingi wa ibada yenyewe. Awakumbushe waliohudhuria kwamba wao pia watasimama mbele ya kiti cha hukumu, akianza na nafsi yake, maana Yakobo 3:1 inawaahidi walimu hukumu kubwa zaidi. Asichague mfano wa tajiri na Lazaro ili kumpiga marehemu mijeledi mbele ya watoto wake. Amkabidhi marehemu kwa huruma ya Mungu, na akiulizwa yuko wapi sasa, ajibu kile Kanisa lake linachofundisha, asiongeze neno. Maelekezo haya wapewe kwa maandishi wenyeviti wa jumuiya, makatekista, wainjilisti na wazee wa kanisa, kwa kuwa padri au mchungaji asipofika, mara nyingi wao ndio wanaoamua nani ashike Biblia kaburini.

Mwalimu wa Biblia,
Morogoro