Deni la Georgetown halilipwi kwa harambee

Ndugu Mhariri,

Nimefanya kazi ya masjala kwa miaka mingi, na hadi leo siwezi kuona orodha ya majina nikaipita tu. Orodha iliyonikaa moyoni kuliko zote ni ya Chuo Kikuu cha Georgetown, kule Washington.

Mwaka 1838 mapadri Wajesuiti, shirika la Kikatoliki, wa jimbo la Maryland, wenye chuo hicho, waliuza watumwa wao 272 kwa dola 115,000, wapelekwe kwenye mashamba ya Louisiana. Wa kwanza kuandikwa ni Isaac, miaka 65. Wamo pia watoto wachanga. Roma iliridhia kwa masharti: familia zisitenganishwe, na fedha zisitumike kulipa madeni. Familia zikatenganishwa, na takriban dola 17,000 zikalipa madeni ya chuo.

Padri Thomas Mulledy, aliyesimamia mauzo hayo, alipewa jengo chuoni lenye jina lake. Wanafunzi walikwenda kuketi nje ya ofisi ya mkuu wa chuo mwaka 2015 ndipo jina likaondolewa. Tangu 2017 jengo hilo linaitwa Isaac Hawkins, yule Isaac wa kwanza katika orodha, na mwaka huohuo chuo na Wajesuiti waliomba radhi mbele ya wazao wa waliouzwa. Hilo nalipongeza kwa dhati. Nawapongeza zaidi waliofukua rejesta za ubatizo, hati za mauzo na orodha za abiria wa meli, wakafuata jina baada ya jina hadi wakawafikia maelfu ya wazao, wengine wakiwa bado wanaishi Maringouin, Louisiana.

Lakini kamati ya chuo ilipotoa ripoti kuhusu mauzo hayo mwaka 2016, wazao walilalamika kwamba hawakushirikishwa. Yeyote aliyewahi kufuatilia mirathi anajua uchungu wa hesabu kupigwa warithi wakiwa nje ya mlango.

Aprili 2019 wanafunzi walipiga kura, na thuluthi mbili ya waliopiga wakakubali kila mmoja atoe dola 27.20 kwa muhula kwa ajili ya wazao hao. Vijana ambao hawakumuuza mtu! Chuo hakikuitoza ada hiyo. Kilitangaza kwamba kitachangisha wafadhili, kama dola 400,000 kwa mwaka.

Hapo ndipo nisipokubaliana nacho. Mchango ni hiari. Anayetoa leo kesho anaweza kuacha, na hakuna wa kumdai. Fedha za 1838 hazikuingia chuoni kama mchango. Zililipa madeni, na chuo kikaendelea kusimama. Wajesuiti wenyewe, baada ya kukaa na wazao na kuzungumza nao, waliahidi mwaka 2021 dola milioni 100 kwa mfuko wanaouendesha pamoja.

Georgetown nacho kiiweke sehemu yake katika bajeti ya kila mwaka, kama kinavyoweka mishahara, na kiasi chake kipangwe wazao wakiwa mezani.

Mtunza kumbukumbu mstaafu,
Tanga