Mlio wa ndege haupigwi na injini peke yake

Mhariri,

Kila zinapoandikwa makala za ndege zenye milio inayopendwa, Spitfire, ile ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, hutajwa mwanzo, na inastahili. Kinachonisikitisha ni kwamba mlio wake huishia kuitwa "muungurumo wa injini", maneno yale yale yanayopewa Harvard ya mafunzo ya marubani, Vulcan ya kudondosha mabomu na hata Boeing 777 ya abiria. Naomba waandishi wako wataje ni sehemu gani ya ndege inayotoa mlio wenyewe, maana mara nyingi siyo injini.

Kwa Spitfire, kweli ni injini. Merlin ya Rolls-Royce ni ya lita 27, ina silinda 12 zilizopangwa sita sita kwa umbo la V, na kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili. Ikifika mizunguko 3,000 kwa dakika, hiyo ni milipuko 300 kila sekunde, yote ikitokea kwenye ekzosi fupi za ubavuni zisizo na sailensa. Milipuko inayofuatana kwa kasi hiyo, tena kwa nafasi sawa, sikio haliwezi kuihesabu. Linaisikia kama noti moja inayoendelea. Ndiyo maana watu husema Merlin inaimba. Pangaboi nalo limepunguzwa mwendo kwa gia hadi chini ya nusu ya mizunguko ya injini, kwa hiyo halimezi sauti ya ekzosi.

Harvard ni kinyume kabisa. Ule mlio mkali wa kupasua hewa inapopaa hautoki kwenye injini yake ya silinda 9 zilizopangwa duara. Pangaboi limefungwa moja kwa moja kwenye krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, bila gia. Lina kipenyo cha mita 2.74, na kwa mizunguko 2,250 kwa dakika ncha zake zinakwenda mita 323 kwa sekunde kabla hujajumlisha mwendo wa ndege yenyewe. Sauti husafiri kama mita 340. Hewa inayoteleza juu ya mgongo wa panga hulazimika kwenda kasi zaidi, inavuka mwendo wa sauti, na mawimbi ya mshtuko yanazaliwa pale pale kwenye ncha. Sikiliza rubani anapopunguza mizunguko hadi 2,000 baada ya kupaa: ncha zinashuka hadi mita 287 na ule ukali unakatika ghafla, ingawa injini bado inavuta kwa nguvu.

Sauti halisi ya injini ya aina hiyo iko wakati wa kuwasha. Ikiwa imekaa siku kadhaa, oili huteremka na kujaa kwenye silinda za chini. Fundi huzungusha pangaboi kwa mkono kwanza, swichi zikiwa zimezimwa. Akihisi limegoma, halazimishi, anafungua plagi za chini oili itoke. Pistoni ikikutana na oili hiyo injini ikiwaka, konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krankshafti, inapinda. Ikishawashwa salama, silinda huamka moja baada ya nyingine, kikohozi hapa, moshi mweupe pale, mpaka mpigo unakaa sawa. Kwangu hakuna injini yenye mwamko mzuri kuliko huo.

Mlio mrefu wa Vulcan ulitoka mbele. Hewa iliyovutwa kuingia kwenye injini zake nne za Olympus ilitetemeka ndani ya njia zake kwenye mabawa, nguvu zikiwa karibu asilimia 90. Kwenye 777 pia, mkwaruzo kama wa msumeno unaosikika ndani ya ndege wakati wa kupaa ni feni kubwa ya mbele ya injini: ncha zake zinapita mwendo wa sauti, na kwa kuwa mapanga hayalingani kwa asilimia mia, kila moja hutoa wimbi la nguvu tofauti kidogo. Aliyekaa mbele ya injini huusikia vizuri kuliko aliyekaa nyuma.

Vulcan ya mwisho iliruka 2015, na sasa tuna rekodi tu. Nyingi zimeharibiwa na simu. Simu hushusha sauti yenyewe ndege inapokaribia na kuipandisha inapokwenda zake, hivyo mpito wote unakuwa bapa. Kichujio chake nacho huuchukulia mvumo mfululizo kuwa kelele na kuufuta. Anayerekodi azime vyote viwili, afunike maikrofoni kwa manyoya ya kuzuia upepo, na apange kiwango ili kilele kisizidi desibeli -12 (0 ndicho kikomo cha rekodi). Asikipange kwa kusikiliza ndege ikiwa inatambaa chini, kwa sababu ikipaa rekodi itapasuka. Baadaye asikilize kwa hedifoni: mvumo wa pangaboi la Spitfire uko chini ya hezi 100, na spika ya simu haiutoi.

Msomaji wako,
Mpenzi wa ndege