Zuhura, hayo matone yasubiri kwanza

Zuhura mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa macho. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimeshakunja uso. Si kwa sababu ya huko kuwasha kwa jioni, hilo dogo. Ni pale ulipoandika kwa kupitia tu kwamba mwenzako kazini amekugawia matone yake "mazuri sana", na sasa huu mwezi wa pili unayatumia.

Hebu soma chupa. Ukikuta deksamethasoni au prednisoloni, hiyo ni dawa ya steroidi. Inaondoa wekundu upesi, ndiyo maana watu wanaisifu na kupeana. Ila ikitumika kwa wiki nyingi bila mtu kukupima, inaweza kupandisha presha ndani ya jicho, na kuendelea nayo kunaweza kuleta mtoto wa jicho. Nenda nayo kliniki ya macho wiki hii hii, wakueleze uiache vipi.

Na wewe hasa si mtu wa kuchezea presha ya jicho. Mzee wako alipofuka kwa glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi kwa presha ya jicho kuwa juu. Unakumbuka alivyokuwa akijigonga bega kwenye miimo ya milango, sisi tukasema ni haraka zake? Mtoto wa mgonjwa wa glakoma yuko hatarini kuliko watu wengine, na wewe umeshavuka 40. Ugonjwa wenyewe kwa kawaida hauumi wala hauwashi. Unaanza kula uwezo wa kuona pembeni, jicho moja linaficha upungufu wa jingine, na mtu anaweza kusoma vizuri tu herufi za ukutani huku mshipa wa fahamu wa jicho umeshaharibika. Kilichopotea hakirudi, kwa dawa wala kwa upasuaji; tunachoweza kuokoa ni kilichobaki. Nafanya kazi hii ya macho kila siku, na bado sijazoea kumwambia mtu hivyo.

Kwa hiyo ukifika usiseme tu "macho yanawasha". Taja habari za Mzee mwanzoni kabisa. Omba wapime presha, waangalie mshipa wa fahamu nyuma ya jicho, na wapime upana wa kuona kwako. Presha ya kawaida ni kati ya 10 na 21, lakini usiridhike na namba hiyo peke yake. Wapo wenye glakoma na presha yao iko humo humo. Wakikuwekea matone ya kupanua mboni utaona ukungu kwa saa kadhaa, basi usiendeshe gari.

Sasa huko kuwasha. Mtu aliyekazia macho kompyuta hupepesa kope mara chache sana kuliko kawaida, na machozi yanayolainisha jicho yanakauka. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi, kwa sekunde 20, na upepese kwa makusudi. Kioo kikae chini kidogo ya usawa wa macho, feni isikupulize usoni. Ile miwani ya kuzuia mwanga wa buluu unayotaka kununua achana nayo: mapitio ya 2023 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya, hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida. Pesa hiyo nunulia miwani ya jua yenye alama ya UV400, yaani inayozuia miale ya jua inayodhuru macho. Na kama siku hizi unasogeza simu mbali ili usome, huo ni umri, rafiki yangu. Miwani ya kusomea haitayafanya macho yawe mavivu, hayo ni maneno ya watu.

Mwanao naye umtoe nje mchana, saa mbili kwa siku ukiweza. Mwanga wa nje unapunguza uwezekano wa mtoto kuanza kutoona mbali.

Jambo moja lisisubiri miadi: ukiona ghafla vimulimuli, vidoa vingi vyeusi, au kama pazia limeshuka upande mmoja, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kaka zako nao wapime, baba yenu ni mmoja. Yule mdogo atakataa, namjua. Nitumie namba yake nimpigie mwenyewe.

Wako akupendaye,
Mwanaidi