Barua ya malalamiko: mtu mmoja, akaunti tatu, na programu isiyotaka kuelewa

Duka la Jumla la Pembejeo,
Nakuru 20100.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: PROGRAMU YENU KUKATAA KUUNGANISHA MTU MMOJA NA AKAUNTI ZAIDI YA MOJA

Sisi ni wauzaji wa jumla wa mbolea, mbegu na chakula cha mifugo hapa Nakuru. Wateja wetu ni maduka ya agrovet, vyama vya ushirika vya maziwa na shule zenye mashamba, kuanzia Njoro na Molo hadi Bahati na Subukia. Programu yenu ya kusimamia wateja tunailipia kila mwezi bila kuchelewa. Nimeamua kuandika barua kwa sababu kila tiketi tunayofungua inafungwa kwa jibu lilelile: "Mfumo unafanya kazi unavyotakiwa."

Unavyotakiwa na nani? Katika programu yenu, akaunti ni biashara au shirika linalonunua, na kontakti ni mtu tunayezungumza naye. Kila kontakti lazima iwe chini ya akaunti moja tu, na nambari ya simu ikishaingizwa haikubaliki mara ya pili. Aliyebuni utaratibu huo sidhani amewahi kuuza hata gunia moja la chakula cha ng'ombe mashambani. Huku kwetu mwenye agrovet ndiye mweka hazina wa chama cha maziwa, na huyohuyo yumo kwenye bodi ya shule ya upili iliyo karibu.

Mteja ninayemfikiria ni mama mmoja wa Njoro, nami sitamtaja jina. Ana laini moja ya simu. Akipiga, salamu zikiisha, husema kwanza, "Leo ni mambo ya chama," au "Leo ni ya duka langu," kisha ndipo tunaanza kuhesabu mifuko. Yeye hachanganyi mambo. Sisi pia hatukuwa tukichanganya, hadi tulipohama kutoka kwenye vitabu vyetu tukaingia kwenye programu yenu.

Tulipowauliza tufanyeje, afisa wenu alituambia kwa simu tumsajili upya chini ya kila akaunti. Nambari ilipokataliwa, akatufundisha ujanja: rekodi ya kwanza ianze na 07, ya pili na 254, ya tatu na +254. Mfumo ukaona watu watatu. Tangu hapo, tukituma meseji ya bei mpya ya mbolea ya DAP, simu yake inalia mara tatu, na ninyi mnatutoza meseji tatu. Alipobadilisha barua pepe, ilirekebishwa kwenye rekodi moja, zile nyingine zikabaki na ya zamani. Mwuzaji wetu akimwahidi bei fulani kwa ajili ya chama na kuiandika kwenye rekodi moja, mwenzake anayefungua nyingine hakuti chochote, kwa hiyo anamtajia bei tofauti. Sisi ndio tunaoonekana waongo.

Hayo tungeyavumilia. Lililotokea msimu wa mvua ndefu halivumiliki. Chama kiliagiza DAP ya kupandia, lori likapakiwa mifuko ya kilo 50, na karani akamtafuta mama huyu kwa nambari ya simu. Programu ikamleta chini ya duka lake. Duka lilikuwa limepitisha siku zake za mkopo, basi oda ya chama ikafungwa kwa deni lisilo lake, na wakulima wakasubiri mbolea huku shamba limeshalimwa. Oda ilipofunguliwa kwa nguvu, ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi (KRA), ikatoka na PIN ya duka, yaani nambari yake ya mlipakodi. Mnajua vizuri kwamba ankara ikishafika KRA haifutwi. Tulilazimika kutoa noti ya krediti ya kuibatilisha, kisha ankara nyingine. Mhasibu wa chama alifoka, na alikuwa na haki, maana tangu 1 Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kwenye hesabu za kodi, ila kwa zile chache zilizosamehewa.

Kisha programu ikatuma taarifa ya deni la duka kwenye barua pepe ya ofisi ya chama. Katibu akaisoma. Duka hilo ni la mtu binafsi, kwa hiyo deni lake ni habari binafsi za mama mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka habari za mtu ziwe sahihi na zisifichuliwe ovyo, na anayebanwa kwanza ni sisi tuliozikusanya. Nilimpigia kumwomba radhi. Aliniuliza kama chama kizima sasa kinajua anadaiwa. Ningemjibu nini?

Msituambie haiwezekani. Salesforce, wanaouza programu kama yenu, wana kipengele hiki tangu 2016: mtu anabaki na akaunti yake kuu, kisha anaunganishwa na nyingine. HubSpot nao wanaruhusu mtu mmoja kuhusishwa na kampuni kadhaa, moja ikiwekwa kuwa kuu. Linalohitajika ni kuufanya uhusiano wenyewe kuwa rekodi inayojitegemea, ikibeba cheo cha mtu katika akaunti ile, tarehe alipoanza na tarehe alipoondoka. Mkutano mkuu wa chama ukichagua mweka hazina mwingine, tunaufunga uhusiano ule kwa tarehe, wala hatumfuti mtu wala oda alizoidhinisha. Jina na simu vinakaa mahali pamoja. Deni, PIN na masharti ya mkopo vinabaki kwenye akaunti, ambako ndiko kwao.

Tena mwuzaji wenu alipokuja ofisini kwetu kutuonyesha programu, swali hili tulimuuliza waziwazi. Alifungua laptopu akatuonyesha mchoro wa mtu mmoja mwenye mistari inayokwenda kwenye kampuni mbili, nasi tukatia sahihi kwa kuamini tulichokiona. Majuzi afisa mwingine ametuambia kipengele hicho kipo, ila ni cha kifurushi cha bei ya juu. Sasa tushike lipi, kwamba mfumo hauna au kwamba unao lakini mmetufungia?

Tunataka kipengele hicho kifunguliwe kwenye kifurushi tulichonunua. Rekodi zilizozaliwa na ule ushauri wa 07 na 254 mziunganishe ninyi wenyewe, oda moja moja kwa akaunti yake. Msibonyeze kitufe kimoja kisha mauzo yote ya chama na shule yakaangukia duka. Gharama za meseji zilizojirudia zirudishwe. Tunahitaji pia maelezo ya maandishi ya jinsi taarifa ile ilivyofika kwa chama, tuyafikishe kwa mwenye habari.

Tusipopata jibu kabla ya ankara yenu ya mwezi ujao, hatutailipa, na tutadai data zetu zote katika faili la CSV pamoja na historia ya oda. Mkiamua kuja, mtume fundi. Wa mauzo tumeshamsikia.

Wako mwaminifu,

Meneja wa Mauzo

Nakala: Mhasibu wetu, Wakili wetu