Gauni nitalishona kwa mwili ulionao

Mwanangu mpenzi,

Natumai barua hii itakukuta salama. Nimeusoma ujumbe wako wa kutaka nilipunguze gauni la mahafali inchi mbili kiunoni, kwa kuwa kufikia siku hiyo utakuwa umekonda, na sikuufurahia. Miaka yote niliyokaa kwenye cherehani nimempima mtu kwanza ndipo nikakata kitambaa. Kumpunguza mtu ili aenee kwenye nguo sitakubali, sembuse mtoto niliyemzaa.

Picha za wanamitindo unazozitazama zina gharama yake. Mwaka 2006 mwanamitindo wa Uruguay, Luisel Ramos, mwenye miaka 22, alifariki muda mfupi baada ya kupita jukwaani, na Novemba mwaka huohuo Mbrazili Ana Carolina Reston, mwenye miaka 21, naye akafa kwa sababu ya kujinyima chakula. Maonyesho ya mitindo ya Madrid, Hispania, yaliwazuia wanamitindo waliokonda kupita kiasi. Nchini Ufaransa, tangu 2017, mwanamitindo anatakiwa kuwa na cheti cha daktari, na picha ya tangazo la biashara iliyochezewa kwenye kompyuta ili kumbadilisha umbo lazima iandikwe kwamba imerekebishwa. Kiuno unachokitamani, basi, huenda hata mwenye picha hana.

Kisa cha Fiji, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, hunigusa zaidi, kwa sababu watu wa huko, kama sisi wa Pwani, walizoea kuusifu mwili ulionawiri. Televisheni ilipoingia katika jimbo la Nadroga mwaka 1995, mtafiti Anne Becker na wenzake waliwauliza wasichana wa shule, na hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Walipouliza tena mwaka 1998, takriban 11 katika kila 100 walikiri kufanya hivyo. Miaka mitatu tu, mwanangu.

Sisemi kwamba unene hauna madhara; shangazi yako anameza dawa za presha na wewe unajua. Lakini presha hupimwa kwa mashine na sukari kwa tone la damu, na mwembamba pia huugua yote mawili.

Lililoninyima usingizi ni lile ulilolitaja kwa kupita tu, kwamba hujaziona siku zako tangu uanze kuruka chakula cha mchana na cha usiku. Mwili ulionyimwa chakula husimamisha hedhi, na hali hiyo ikiendelea hata mifupa hudhoofika, nawe ungali binti mdogo. Jumatatu nenda zahanati ya chuo, umweleze daktari bila kumficha unakula nini na unaacha nini. Pesa ya vipimo nimekutumia kwenye simu. Ukitoka huko nipigie, hata kama nitakuwa na wateja.

Mama yako