Mstari ni uleule, uanzie nukta ya kwanza au ya pili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo kwa wengi litaonekana dogo, ingawa wiki iliyopita lilimtoa machozi binti yangu anayesoma sekondari. Walipewa swali la kutafuta mlinganyo wa mstari mnyoofu unaopita katika nukta (2, 7) na (6, -1). Binti alianzia nukta ya pili: kwenye y alitoa -1 katika 7 akapata 8, kwenye x akatoa 6 katika 2 akapata -4, akagawanya na kupata mteremko wa -2; kisha akaandika y + 1 = -2(x - 6), na mwishowe y = -2x + 11. Daftari lilirudi na alama ya kosa kwa wino mwekundu, na pembeni maelezo kwamba ni lazima kuanza na nukta iliyotajwa kwanza.

Hakuna kanuni ya namna hiyo. Weka 2 mahali pa x katika jibu lake, utapata 7. Weka 6, utapata -1. Kwa kuwa nukta mbili tofauti huunganishwa na mstari mnyoofu mmoja tu, jibu hilo ni sahihi bila kujali mwanafunzi aliingilia upande gani.

Mimi ni mpima ardhi, na katika kazi yangu mpaka kati ya mawe mawili haujawahi kuhama eti kwa sababu nimeanza kupima kutoka jiwe la kusini badala ya la kaskazini. Kilichokatazwa ni kuchanganya, yaani kutoa y kwa mpangilio mmoja na x kwa mpangilio mwingine. Mwanafunzi akichukua 7 - (-1) juu na 6 - 2 chini, atapata mteremko wa 2, na akiupitisha katika nukta ya kwanza ataandika y = 2x + 3, mlinganyo ambao x ikiwa 6 unatoa 15 badala ya -1. Hilo ndilo kosa linalostahili wino mwekundu, na mchoro wa haraka ungelifichua, kwa kuwa nukta zinashuka ilhali mstari unapanda. (Neno lenyewe mteremko linachangia kuwachanganya watoto: anayepanda mlima hasemi yuko kwenye mteremko, lakini darasani anaambiwa mstari unaopanda una mteremko chanya.)

Nina wasiwasi pia na jinsi umbo la y = mx + c linavyokaririshwa kana kwamba ndilo pekee. Hiyo m ni mteremko, na c ni mahali mstari unapokata mhimili wa y, na katika daftari la mraba mhimili huo uko karibu. Sisi tunaohesabu kwa mita kuelekea mashariki na kaskazini hatuna bahati hiyo: mpaka wa kiwanja hapa Morogoro, ukiurefusha hadi namba ya mashariki iwe sifuri, utakuwa umekwenda zaidi ya kilomita 300 kutoka kwenye kiwanja chenyewe. Ndiyo maana kwetu ni rahisi zaidi kuandika mlinganyo kwa kutumia mteremko na jiwe tulilosimama karibu nalo, kama alivyofanya binti yangu aliposhika nukta (6, -1).

Tena kuna mipaka inayokwenda kaskazini moja kwa moja. Chukua nukta (4, 1) na (4, 9): tofauti ya x ni sifuri, kugawanya hakuwezekani, na hakuna m wala c itakayopatikana. Mwanafunzi aliyekariri umbo moja huandika kwamba mstari haupo, ilhali upo wazi machoni pake, na mlinganyo wake ni x = 4.

Ninachowaomba walimu ni kwamba, kabla ya kuweka alama ya kosa, waingize nukta zote mbili katika jibu la mwanafunzi waone kama linakubali, na wapokee 2x + y = 11 sawasawa na y = -2x + 11 pale ambapo swali halikutaja umbo linalotakiwa. Uhakiki huo hauchukui hata dakika moja kwa daftari.

Mzazi na mpima ardhi,
Morogoro