Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: bahasha za dawa ziandikwe

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Wilaya,

Kwa heshima zote nakuandikia hadharani. Barua nilizopitisha kwa mtendaji wa kata hazikujibiwa, na wiki iliyopita kaka yangu amenusurika kufa.

Kaka ni kuli sokoni. Mgongo ukimkamata, hununua "dawa ya mgongo": vidonge vya rangi mbalimbali katika bahasha ya kaki isiyo na andiko lolote. Safari hii maumivu yaligoma, akarudia, kisha akaongeza vya duka la pili. Usiku tumbo likamsokota, akatapika vitu vyeusi kama machicha ya kahawa, masikio yakavuma, akawa anasinzia. Kituoni tabibu akauliza: amemeza nini, kiasi gani, saa ngapi? Nikampa bahasha. Akaigeuza pande zote, akanirudishia.

Hospitalini ndipo vidonge vilivyobaki vikatambuliwa: diklofenaki na ibuprofeni. Kumbe ni za ukoo mmoja! Ukizichanganya, kinachozidi ni madhara: tumbo kuvuja damu, figo kushindwa kazi. Diklofenaki kwa mtu mzima haipaswi kuzidi miligramu 150 kwa siku. Ibuprofeni ya kujinunulia, 1,200. Nani alimwambia kaka hayo pale dirishani?

Dawa hizi hazina kitenguzi chake, yaani dawa ya kuzima sumu yake. Mgonjwa hupewa mkaa wa dawa wa kunasa sumu tumboni, unaofaa zaidi ndani ya saa ya kwanza, hutundikiwa dripu na kupimwa figo. Aspirini ina matibabu yake mengine. Na kama mle kungekuwa na parasetamoli, ini lingeharibika kimyakimya huku sisi tukibahatisha, ilhali kitenguzi chake kipo na hufanya kazi vizuri zaidi kikitolewa ndani ya saa 8. Sasa tabibu achague lipi, na bahasha haisemi?

Majirani walitaka tumtapishe kwa vidole na kumnywesha maziwa. Muuguzi alikuja kutuambia kwamba kumtapisha kungeweza kumpalia hadi mapafuni, na kwamba anayesinzia hulazwa kiubavu, asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali na mabaki ya dawa. Maneno hayo ndiyo uliyoahidi kwenye mkutano wa hadhara, Mheshimiwa. Ulisema mabango yatabandikwa na maduka yatakaguliwa kabla ya masika. Masika yamepita. Bango sijaliona hata moja.

Nahisi mwenye mafunzo ameacha cheti ukutani, dirishani kakaa kijana asiyejua anachouza. Huenda pia wakaguzi wako hawana mafuta ya pikipiki. Lakini kuandika jina kwenye bahasha kunahitaji mafuta gani?

Kaka bado yuko wodini, mkojo wake unapimwa kila unapotoka. Mahindi ya mbegu nimeyauza kulipia vipimo. Watoto wake wanakula kwangu, nami sina shamba jingine.

Siombi jengo wala gari la wagonjwa. Naomba agizo lako, wiki hii, kwa kila duka la dawa: bahasha iandikwe jina la dawa, miligramu zake, na idadi ya vidonge isiyopaswa kuzidishwa kwa siku. Atakayekataa afungiwe. Hata kama mengine yote yatakushinda, hilo la jina lisikushinde. Tuandikiwe jina, Mheshimiwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa wilaya yako